Mtumbwi Wetu Umehamia Majini

Jumanne, 3 Juni
Nimeamua. Mtumbwi haurudi tena nyumbani! Nimechoka kuubeba kila siku kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yangu Paskazia, tena na maneno yake juu. Leo kaniuliza mbele za watu kama mtumbwi wangu unaogopa kulala nje. Mwalo mzima ukacheka, wavuvi na wachuuzi wa samaki. Noela mgongoni naye akacheka, msaliti mdogo wa mama yake.

Sasa utalala majini, nimeufunga kwenye kigingi. Jumapili Noela anabatizwa ng'ambo ya ghuba ya ziwa. Nimemwahidi mama mkwe kwamba mjukuu wake atakwenda kwa mtumbwi wa baba yake. Mume wangu Boaz aliununua kwa dhahabu yake ya kwanza kule Geita. Lazima uwe mzima!

Jumatano, 4 Juni
Mzee Donatus, fundi mitumbwi, kasema mbao zikishinda majini zinaoza. Nikakosa raha. Halafu nikawaza: samaki tukimtia chumvi haozi. Mbao je? Darasa la saba, lakini akili ipo! Nimenunua chumvi ya ng'ombe, nikaikoroga nzito, nikapaka ndani na kingo zote mpaka mtumbwi ukawa mweupe. Mzee Donatus kapita, katazama, kaniamkia shikamoo. Mzee wa miaka sabini!

Ijumaa, 6 Juni
Ng'ombe! Nilisahau kwamba pale ndipo wanaponyweshwa maji. Nimekuta kumi na wanne wanalamba mtumbwi kama watoto na sufuria ya uji. Mmoja yuko ndani. Ndani! Nimepiga kelele, kanitazama, kaendelea. Alipotoka, mguu ulitoka na ubao wa chini. Mtumbwi ukazama taratibu, bila haraka yoyote. Bwana mwenye ng'ombe hao kanishukuru, eti hawajawahi kunywa maji vizuri hivi. Nimelia. Noela kanifuta machozi kwa kiganja chenye ndizi. Mama mkwe keshafika, nimemwambia kila kitu kiko tayari.

Jumapili, 8 Juni
Paskazia kaja alfajiri bila kuitwa. Kasema, Mama Noela, wewe uliahidi mtoto aende kwa mtumbwi, hukuahidi utaelea. Mayu wee, mama yangu! Tumeuopoa, tukaupakia mkokotenini na tundu lake, mama mkwe mbele, Noela na gauni jeupe katikati, tukazunguka kwa barabara. Watu walitoka majumbani wakipiga vigelegele. Mama mkwe akapiga kasia hewani njia nzima! Padri alicheka mpaka akashika ukuta. Noela kabatizwa, hakulia hata kidogo. Nimelia mimi, na Paskazia pia, ila anakataa.

Jumatano, 11 Juni
Mzee Donatus kaweka ubao mpya, kaziba kwa pamba. Kasema niurudishe nyumbani. Paskazia kasema atanibebea bure mwezi mzima. Nimewashukuru wote kwa moyo.

Mtumbwi umelala majini. Shida haikuwa maji, ilikuwa ng'ombe! Nimetwanga pilipili kichaa, nikachanganya na mafuta, nikapaka kingo zote. Ng'ombe wamenusa, wamekimbia! Kesho namvusha mama mkwe akamsalimie dada yake. Anaogopa maji, maskini. Nimemwambia ashike kingo kwa mikono miwili, na upepo ukimtoa machozi ajifute taratibu.