Nilivyokisifu Chuo cha Bondeni

Jumatatu, 4 Agosti

Hasira. Hasira tupu. Siku niliyoingoja miaka kumi na minane imefika, na shemeji ameikalia.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, amepata nafasi vyuo vikuu viwili kwa mpigo. Chuo Kikongwe, kitivo cha sheria: nguzo, majoho, maktaba ambayo hata kikohozi kinaomba ruhusa. Na Chuo cha Bondeni, uhandisi wa maji: mabati, grisi, kelele. Mwisho wa kuthibitisha ni Jumamosi saa sita mchana. Ukithibitisha kimoja, kingine wanampa mwingine kiti chako.

Kuna cha kuchagua hapo? Mimi ni karani wa masjala mahakamani. Miaka ishirini na miwili nabeba mafaili ya mawakili. Yuko mmoja, yule mwenye viatu vinavyolia, mpaka leo hajui jina langu. Ananipigia vidole. Ta! Kama anaita paka. Nataka siku moja mwanangu aingie mle ndani na yule bwana ainuke kumpisha. Ni mengi hayo?

Lakini shemeji, kaka yake mke wangu, ni fundi wa karakana huko Bondeni. Mtaa mzima wanamwita Mhandisi. Si mhandisi! Anakaza nati! Kaja leo bila kualikwa, kakalia kiti changu, kamwambia binti kwamba sheria ni maneno, na maneno hayaoshi vyombo. Mke wangu kacheka. Binti kacheka. Mimi nimekunywa chai kama nakunywa dawa.

Nimeapa. Mkakati unaanza kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempeleka binti Chuo Kikongwe. Nilikuwa nimepanga na mhudumu wa maktaba, tuliyewahi kufanya naye kazi masjala, atupokee mlangoni na kumwita binti "Wakili Mtarajiwa" mbele za watu. Maneno mawili tu! Nilimwandikia kwenye karatasi! Badala yake akaniuliza mimi, kwa sauti iliyofika ghorofa ya tatu, kama bado nasukuma kile kitoroli cha mafaili. Wanafunzi wakageuka. Hata profesa mwenye joho akageuka.

Ila baadaye tuliingia ukumbi wa mijadala. Wanabishana mle kwa adabu mpaka raha. Mtu anamwambia mwenzake amepotoka, "kwa heshima zote". Binti akanyoosha mkono, akauliza: mto ukipita mashamba ya watu wawili, maji ni ya nani? Makofi! Alitoka macho yanang'aa. Njiani akasema amepapenda, ingawa wanafunzi wa pale wanatembea kama wamemeza rula.

Amepapenda! Nusu ya kazi imekwisha. Lakini jioni shemeji kapiga simu: haki ni haki, na Bondeni akapaone. Mke wangu kaunga mkono. Nyumba hii ina mahakama yake, na hakimu si mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Sijawahi kudhalilika namna hii.

Nilikwenda Bondeni na suti ya harusi yangu, makusudi, waone tofauti. Mfukoni nilikuwa na maswali sita ya kuwaaibisha. Wanafunzi wako ndani ya ovaroli, wanakaa benchi moja na walimu wao, wanacheka nao midomo wazi. Heshima iko wapi? Karakanani nikamkuta mama mmoja amelala chini ya pampu, ana grisi mpaka kwenye nyusi. Nikampigia vidole. Ta! Nikamwambia aache hiyo kazi yake akaniitie mkuu wa idara, upesi.

Akatoka chini ya pampu. Akajifuta mikono taratibu.

"Ameshakuja," akasema. "Nikusaidie nini, baba?"

Maswali yote sita yakayeyuka. Kwa kubabaika nikashika gurudumu jekundu lililokuwa ukutani, nikauliza hili ni la nini. Nikalizungusha. Lilikuwa la maji. Suti ya harusi! Na binti, badala ya kunikimbilia mimi, akaikimbilia pampu, akaifunga kabla shemeji hajapata hata spana. Kisha wakakaa nusu saa nzima na yule mama chini kule, wakionyeshana matundu. Mimi nikisubiri, natona.

Nimerudi nyumbani na ovaroli ya shemeji. Imeandikwa KARAKANA mgongoni.

Nimewaandikia barua ya malalamiko. Lile gurudumu halina onyo. Mke wangu ameambiwa na kaka yake kwamba lina onyo, tena kwa herufi nyekundu. Nyekundu juu ya jekundu! Wahandisi hao!

Alhamisi, 7 Agosti

Kazini. Mwenye viatu vinavyolia kanipigia vidole mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Mara nne! Watu wengine hawakufunzwa na mama zao. Mtu mzima unamwitaje mtu mzima mwenzako kwa vidole?

Lakini hasira zimenizalia akili. Binti huyu ni mbishi tangu kuzaliwa. Nikisema vaa sweta, anavua. Nikisema mvua inakuja, anaanika nguo. Sasa nikimwambia Bondeni, atakwenda wapi? Ha!

Jioni mezani nimekisifu Chuo cha Bondeni nusu saa bila kumeza mate. Nimesema dunia inaendeshwa na wenye mikono michafu. Nimesema wakili anajua kuieleza kiu, mhandisi anajua kuikata. Sijui hilo limetoka wapi. Zuri mno kupotea kwenye uongo. Nimesema mimi mwenyewe nimefumbuka macho pale karakanani. Shemeji, aliyejialika tena mezani, kapaliwa. Mke wangu kanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Binti hakubisha. Kainamisha kichwa. Nikaona chozi! Nimempata. Anaililia sheria yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi napiga pasi, binti kaja kuniuliza kama yale ya jana yametoka moyoni. Nikaapa. Nikaongeza kwamba akichagua Chuo Kikongwe sitamzuia, ila nitasikitika. Ustadi huo! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia haraka. Shati limeungua. Si kitu.

Mke wangu kaniambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia aangalie sufuria zake. Sufuria zote zimehamia kwa dada yake mpaka jioni, na yeye pamoja nazo. Nimekula mkate mkavu.

Masjala nimewatangazia wote: kuanzia Jumatatu, ukimtaja binti yangu, tangulia na neno Wakili.

Jumamosi, 9 Agosti

Amethibitisha. Bondeni! Saa mbili asubuhi! Zimebaki saa nne nzima, na hata hakuzisubiri!

Kaja kuniambia mwenyewe, anatabasamu. Nikatafuta kiti. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi nilipouliza imekuwaje.

"Baba, Chuo Kikongwe nilikuwa nimeshajaza tangu Jumanne," akasema. "Ilibaki kubonyeza tu."

Nikamuuliza ni nani basi aliyemshika kidole.

"Nilikuwa naenda kwa ajili yako. Mijadala niliipenda, kweli. Lakini mijadala nitaipata popote penye watu wabishi, hata hapa nyumbani. Ile pampu, baba, haikunitoka kichwani. Nikawa sijui nikwambieje. Halafu ukanifungulia mlango wewe mwenyewe." Akanikumbatia. "Asante kwa kunisikia kabla sijasema."

Ningefanyaje? Niseme nilikuwa naongopa? Nikampigapiga mgongoni, nikasema hongera, mwanangu, maji ni uhai. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua bomba wasisikie, nikaupiga mlango teke. Kidole gumba cha mguu kimevimba kama nyanya. Mlango mzima.

Mchana shemeji kaja. Anasema mkuu wa idara ameyasikia maneno yangu ya kiu, ameyapenda, wanataka kuyaandika kwenye ukuta wa karakana, na jina langu chini yake. Nilitaka kumfukuza. Nikachukua kalamu, nikamwandikia jina langu kamili, kwa herufi kubwa, wasije wakakosea.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari, mguu ukiwa kwenye beseni. Mkakati haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kipimo: nilisifu vizuri kupita kiasi. Mtu wa kipaji kidogo angeboronga na kufaulu. Ndiyo adhabu ya kuwa na ulimi.

Leo nimesoma kanuni zote za udahili, kurasa arobaini, pamoja na viambatisho. Hapo ndipo ukarani unapofaa! Ukurasa wa thelathini na moja: mwanafunzi anaweza kuomba kuhama chuo ndani ya wiki mbili za kwanza za masomo. Wiki mbili!

Na binti bado ni mbishi. Ya Alhamisi ilikuwa ajali. Basi safari hii sisifu. Ninakataza. Nitaitukana sheria mpaka aionee huruma. Nimeshaandika matusi kumi na manne, yote ya adabu, na nimeyapanga kwa alfabeti.

Kesho kwenye chai naanza na la kwanza.