Malalamiko Kuhusu Manukato Uliyoniachia

Kwako Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima, ila nanukia, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Ulipokuja kunitembelea ulisema nyumba na mwili wangu vinanuka mbuzi, ukaniachia chupa ya manukato. Nilikushukuru. Sasa, kwa heshima zote, naiondoa shukrani hiyo kwa sababu zifuatazo.

1. Jumatatu nilijipulizia mara mbili shingoni kama ulivyoagiza, nikaenda kufungua bucha. Saa moja asubuhi nilikuwa bustani nzima: maua meupe, mabichi, yenye umande wake. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka kumi na tano, alifika mlangoni, akanusa, akavua viatu. Nilimtazama akikanyaga unga wa mifupa kwa soksi nyeupe.

2. Nilidhani yataisha. Kumbe yalikuwa yanajipanga. Kufikia saa nne maua yalikuwa yamelainika yakawa poda, ile ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza, "Baba, hapa ni buchani au wodi ya wazazi?" Kabla sijajibu, mtoto akaninyooshea mikono. Nikampokea, akalala begani. Dada, nimekata kilo mbili za mbavu kwa mkono mmoja, taratibu, nisimwamshe. Foleni nzima ikawa inanong'ona.

3. Unanijua, mimi huuza nyama kwa makelele. Mtu akichagua-chagua namfokea, anachukua mifupa anakwenda zake. Siku hiyo nilijisikia nikimwambia mtu "tafadhali". Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisikia. Tangu hapo jina langu mtaani ni Bibi Harusi, na nimeshaitika mara mbili.

4. Hili ndilo zito. Jioni poda nayo ilizama ndani ya ngozi, ikabaki harufu ndogo tu, ya nguo iliyoanuliwa juani ikakunjwa kabla haijapoa. Nikafungua mlango wa chumba changu, nikasalimia. Tangu wifi yako atutoke, miaka sita sasa, sijakisalimia chumba kile. Nilisimama na ufunguo mkononi nikingoja kuitikiwa, mtu mzima na kitambi changu.

5. Sasa nafagia kila jioni. Nimenunua pazia. Leo pazia, kesho nitakunja soksi. Mwisho nitafunga bucha niuze maua, na ukoo wetu, uliojulikana kwa shoka tangu enzi za babu, utajulikana kwa mashada.

Kwa hiyo naomba uje uichukue chupa yako, uniletee kitu kinachomfaa muuza nyama, hata kama ni sabuni ya mche.

Msalimie shemeji, wanao wote, na yule jirani yako asiyenipenda.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Muuza nyama.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga barua, nimeifungua tena. Mjane anayeshona nguo nyumba ya tatu alikuja kununua nusu kilo, akakaa mpaka nafunga, tukizungumza habari za vitambaa, nami sivijui. Akaniuliza kama kesho nitakuwepo. Miaka ishirini sijakosa bucha hata siku moja, nikamjibu nitajitahidi. Dada, chupa imebaki kidole kimoja. Tuma mbili, kwa basi la kwanza.