Mapangaboi ya Makunduchi na Hesabu Zangu za Saa Moja Tu

Leo nimeadhirika, jamani. Tena mbele ya mama yangu mzazi.

Mnajua nnasoma uhandisi wa umeme. Mama yuko Makunduchi, mwisho kabisa wa laini inayotoka mjini. Njia ndefu, umeme mwingi unapotea kwenye nyaya kabla haujamfika. Jioni friza yake inaguna tu, pweza wake wa kuuza wanaharibika. Basi nikapiga hesabu: tukiweka mitambo ya upepo kulekule (mama anaiita mapangaboi, kama feni za darini), umeme hautosafiri mbali, upotevu utapungua kwa nusu. (Nusu! Nimeiandika kwa rangi nyekundu.)

Leo ndiyo siku ya kuwasilisha kwa wakubwa wa umeme, ukumbini mjini. Nikamwalika mama. Kaja na buibui jipya, kakaa mstari wa mbele, anamwambia kila mtu, "Yule wangu. Anatuletea mapangaboi ya umeme."

Nikasema weee! Nikang'ara. Akanyanyua mkono Bi Rukia, mhandisi mstaafu.

"Mwanangu, hesabu hizi za saa ngapi?"

"Saa mbili usiku, Bi. Kila mtu kawasha."

"Na alfajiri, watu wamelala, upepo unavuma? Umeme wote huo unakwenda wapi?"

"Unarudi mjini."

"Kwa waya upi?"

(Waya uleule. Mrefu vilevile. Umeme unapotea vilevile, safari hii ukirudi.) Nikapiga hesabu palepale kwenye simu. Kwa wingi wa mitambo niliyoiomba, hasara ya alfajiri inaimeza faida yote ya usiku.

Nikaiweka simu mezani. Mama akadhani nimemaliza. Akasimama, akapiga makofi. Peke yake! Kwa nguvu zake zote! Hakuna aliyemfuata.

Bi Rukia akaniambia kwa upole, "Punguza mitambo, pima saa zote, urudi mwakani."

Tulipotoka nje mama akauliza, "Huo mwakani ndo karibu?"

"Si karibu, mama."

"Mie nshawaambia wenzangu wa pweza wasiuze friza zao. Nimewaambia umeme unakuja."

Nikamshika mkono, tukavuka barabara.

Sasa tupo kwangu Mpendae, hapa mjini. Anayetaka kucheka acheke chini chini: mama yumo chumba cha pili, anawapigia simu wenzake wa pweza, mmoja mmoja.