Kadi Iliyolala Kwenye Barafu

Jumatatu, 2 Juni

Ukungu umepanda kutoka ziwani mpaka kwenye ngazi zetu. Mji wote wa Duluth hauonekani. Nimebaki mimi na kikombe cha kahawa, ninaelea. Siku nzuri ya kuanza maisha mapya!

Bi Halvorsen, mwenye nyumba wetu, amekuja na pai na habari mbaya. Anahamia Arizona kwa binti yake, nyumba anaiuza. Kwa kuwa tumekaa humu tangu binti yetu Kirsten hajaota meno, anatupa sisi nafasi ya kwanza mpaka tarehe 15 Julai. Baada ya hapo atamuuzia yeyote. Marlys, mke wangu, alikwenda kwenye mlango wa jikoni, pale tulipokuwa tunachora urefu wa Kirsten kila mwaka, akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo. Niliumia sana.

Mchana nikaenda chama cha akiba na mikopo. Bi Tibbets, anayeshughulikia mikopo ya nyumba, akatazama kompyuta akasema alama yangu ya ukopaji, ile namba ya kupima kama mtu anaaminika kwa madeni, ni 661. Wanataka 680. Alama kumi na tisa tu! Nikamuuliza yake ngapi. Akasema tuendelee.

Akauliza kama mke wangu naye ataomba. Nikamwambia Marlys ni muuguzi wa shule, mtu wa maua na kwaya, tusimchoshe na namba. Nikamweleza mpango wangu. Nina kadi tatu zilizojaa mpaka shingoni. Nimeomba ya nne, inakuja: mwaka na nusu bila riba kwa deni linalohamishwa. Akasema basi nihamishe, nilipe kila mwezi, halafu nitulie. Nisifunge kadi ya zamani. Nisifungue mpya. Nisinunue kitu. "Wewe tulia tu, Bwana Ostby." Alilirudia hilo neno tulia mara nyingi, kana kwamba kuna mtu ameshamsimulia habari zangu.

Jumatano, 4 Juni

Kadi imefika! Ya buluu, ina mlima. Nimepiga simu na madeni yote matatu yanahama. Wanatoza asilimia tatu. Sikubishana. Hiyo ni nauli, na madeni yangu ni ya siku nyingi, yanastahili kusafiri kwa heshima. Nikayawaza yanavuka daraja na masanduku yao, ukungu umeyafunika mpaka magotini, yananipungia mkono. Kidogo nilie.

Marlys akainyakua kadi kabla sijaizoea. Akaitumbukiza kwenye kopo la aiskrimu lililojaa maji, akalisukumia ndani ya friza, katikati ya samaki. Mama yake alifanya hivyo, na shangazi zake wote. Ukitaka kununua upuuzi unasubiri barafu iyeyuke, na mpaka iyeyuke hamu imekwisha. Nikamwahidi barafu hiyo sitaiyeyusha. Maji aliyachemsha kwanza, ili barafu itoke safi. Mke wangu hata adhabu anaitoa kwa usafi.

Jumapili, 8 Juni

Kahawa, viazi na keki baada ya ibada. Shemeji yangu Duane, kaka yake Marlys, alikuwa mezani. Duane ana 811. Najua kwa sababu hatoi salamu bila kuitaja. Leo aliitaja akiwa anapokea viazi. Kisha akaniuliza mbele za watu, shemeji, bado uko kule kwenye mia sita na kitu na watoto wa chuo? Watu wakacheka. Nikamuuliza mchungaji yake ngapi, kubadilisha mada. 740. Hata Mungu anakopesheka kuliko mimi!

Nimeapa. Nyumba nitaipata, na Duane nitampita.

Jumatatu, 16 Juni

684!

Nimeiona kwenye simu nikiwa kazini dukani, kwenye idara ya mazulia. Nikajilaza juu ya zulia la kijani lenye manyoya marefu, dola arobaini kwa yadi, nikafumba macho. Nikaiona namba yangu inaning'inia juu ya ziwa, nyeupe, inang'aa. Meli za chuma zinapita chini yake polepole na kunipigia honi. Mteja mmoja akaniuliza kama zulia lile ni zuri kwa chumba cha kulala. Nikamwambia aangalie mwenyewe.

Bi Tibbets kasema vizuri sana, sasa nitulie, ataandaa makaratasi mwanzoni mwa Julai. Marlys alinibusu kipara. Alisema mlango wa jikoni hataupaka rangi kamwe.

Jumamosi, 21 Juni

Nyama choma kwa Duane. Mashua yake mpya imeegeshwa uani ili mtu asipite bila kuigusa. Nikampa habari ya 684. Akasema hongera, yeye amepanda, sasa ni 814.

Damu ilinichemka. Nikasimama juu ya kiti. Nikawatangazia wote kwamba mwanamume asiye na deni kwenye kadi haihitaji kadi hiyo. Zangu tatu za zamani hazina hata senti, sasa ni makopo matupu, za nini? Nikapiga simu palepale, sauti ikisikika kwa wote, nikazifunga moja baada ya nyingine. Kisha nikazikata kwa mkasi wa samaki, hata ile niliyonunulia suti ya harusi. Majirani walipiga makofi! Duane peke yake hakupiga. Alitabasamu, nami nikadhani ni wivu.

Marlys aliweka sahani yake chini na kwenda kukaa garini.

Jumatatu, 30 Juni

639.

Bi Tibbets alivua miwani yake kabla ya kuniambia. Deni ni lile lile, kasema, ila zamani lilikuwa na nafasi kubwa ya kukaa. Mimi nimebomoa vyumba vitatu na kulibananisha kwenye kimoja, na wenye kupima alama wanaona mtu aliyekaribia kujaza kadi yake mpaka pomoni. Nikamwambia lakini nilikuwa ninafanya usafi! Akasema aliniomba kitu kimoja tu. Sikumuuliza kipi.

Kutoka pale nilipita ufukweni nikakaa juu ya jiwe. Ziwa halikuwa na rangi wala mwisho. Nilijiwazia nimekuwa mmoja wa ndege weupe wa ziwani. Ndege hana alama. Anatua kwenye paa la yeyote. Kisha mmoja akaninyea begani nikarudi nyumbani.

Jumatano, 2 Julai

Nina mpango! Mtu mwenye kadi ya siku nyingi na rekodi safi akikuandikisha kama mtumiaji wa pili, usafi wake unakurukia na wewe. Halali kabisa, watu wanafanyia watoto wao. Ninayemjua mwenye kadi kama hiyo ni mmoja tu.

Duane alinisikiliza akiwa amekaa ndani ya mashua, hapohapo uani. Alikubali, kwa masharti. Nisugue mashua. Kadi yenyewe nisiiguse, jina tu. Na mbele ya jirani yake niseme kwamba yeye Duane amekuwa sahihi siku zote. Nilisugua. Nikasema. Jirani alinitaka nirudie, masikio yake mazito. Nikarudia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Ni kwa ajili ya mlango wa jikoni.

Jumatano, 9 Julai

617!

Duane, mwenye pesa zake, Duane wa 814, alinunua injini ya mashua kwa kadi hiyohiyo. Ameijaza mpaka juu. Mwisho wa mwezi atailipa yote, anasema, kama kawaida yake, si tatizo. Kwake si tatizo! Mimi nimemdandia mgongoni, naye ameniingiza majini.

Nilimpigia simu nikamwita mnafiki. Akaniambia, "Shemeji, hukuniuliza kama nina mpango wa kununua injini." Nikakata simu. Ni kweli sikumuuliza, lakini nani huuliza?

Jioni nilimweleza Marlys kila kitu. Zimebaki siku sita, nyumba imekwenda. Nililia, sina haja ya kuficha, nililia juu ya sahani yangu ya viazi vya kuoka. Nikamwambia nimeiharibu nyumba aliyomlelea mtoto wake. Alisubiri mpaka nikapenga kamasi. Akauliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Jumatatu, 14 Julai

Sijui niandike nini. Naandika tu.

Marlys alikwenda kwa Bi Tibbets asubuhi na mapema, na viatu vyake vya kanisani. Amerudi na karatasi za mkopo zilizokubaliwa. Jina moja, lake. Mshahara wake wa uuguzi unatosha. Kadi moja tangu akiwa msichana, anainunulia mafuta ya gari na kuilipa.

Alama yake ni 826.

Ilibidi nikae chini. Miaka thelathini na moja tunalala kitanda kimoja! Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema hukuniuliza. Akanihesabia kwa vidole. Ulimuuliza Tibbets. Ulimuuliza mchungaji. Juzi ulimuuliza daktari wa meno mkono wake ukiwa mdomoni mwako. Mimi uliniuliza kama kuna kahawa.

Kisha akaenda jikoni. Nilimkuta ameegemea mlango ule, shavu kwenye alama za Kirsten, macho amefumba. Nikasimama naye. Ukungu ulikuwa dirishani.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani nilimwambia Duane. 826! Viazi vilimwanguka. Mwanamke aliyeishi na mimi miaka yote hiyo, nikamwambia, unadhani kajifunzia wapi? Nimetafakari sana juu ya jambo hili na naona wazi ni malezi yangu.

Nataka kumshukuru Marlys kwa zawadi inayomfaa. Si kitu kikubwa. Mashua. Iipite ya Duane kwa futi moja tu. Tutakaa ndani yake wawili, katikati ya ukungu, injini imezimwa, bila namba yoyote duniani.

Amekwenda mazoezi ya kwaya. Nimelitoa kopo la aiskrimu kwenye friza. Ahadi ni ahadi, sikuiyeyusha barafu. Niliinua tu lile bonge kwenye mwanga wa dirisha la bafuni, ziwa likiwa nyuma yake, na mle ndani kadi yangu ya buluu ilikuwa imelala na mlima wake. Maji aliyachemsha vizuri, mke wangu. Namba zinasomeka zote!

Muuzaji wa mashua amezipokea kwa simu, kwa malipo ya kwanza. Aliniuliza kama ninajua kwamba ofa ya bila riba ni kwa madeni yaliyohamishwa tu, si kwa manunuzi mapya, imeandikwa nyuma ya kadi. Nikamwambia upande wa nyuma kuna samaki ameganda.