Komisyo ya Kuondoa Machozi

"Wakaaji wote wa Kasongo wanajulishwa: mwaka huu Serikali imefuta machozi ya kufungua masomo." Ndivyo alivyoandika Bwana Déo, prezida wa Komisyo ya Kutayarisha Watoto Wenye Usonji. Akapiga muhuri mara tatu, maana machozi ni kitu sugu.

Mama Mwanvua, muuza mawese, akamletea ombi dogo mno, hata halikuwa na fomu yake. Binti yake Djamila, mwenye usonji, aone darasa likiwa tupu, achague benchi, azoee kengele, ile rimu ya lori inayopigwa kwa nondo. Mwaka jana alitoroka siku ya kwanza. Akitoroka tena, nafasi yake anapewa mwingine.

"Ufunguo ninao mimi," alisema Déo. "Utatoka Jumamosi, kwenye sherehe."

"Sherehe ya nini, Bwana Prezida?"

"Ya kutoa ufunguo. Fanfari itapiga, tarumbeta na ngoma."

"Mutoto wangu iko naogopa makelele, baba."

"Ajizoeze. Mtu halii kwa sababu ya benchi, mama."

Jumamosi Déo akafika darasani na kukuta maafa. Kiti chake cha mito kilikuwa kimeazimwa arusini, huko Wamaza. Watu walikwisha kukaa, maana ufunguo Déo alikuwa amemwachia Dady, mpokea wageni wake, apange viti. Dady wa protokoli alikuwa amemsalimia chifu wa mtaa kwanza, na fanfari ikamvumia Déo sikioni.

Déo akaganda mlangoni. Hakuogopa, hasha, dunia tu ilikuwa imeacha kufuata programu.

"Mimi nakaa katikati," alisema, jasho likimtoka. "Siku zote nakaa katikati. Tokeni wote. Nitaingia upya, darasa likiwa tupu."

Wakatoka, chifu na fanfari pia. Mama Mwanvua hakungoja kuambiwa. Akamsukuma Djamila ndani taratibu.

Mtoto akagusa kuta zote nne, akahesabu mabenchi, akakaa kwenye la tatu, karibu na dirisha. Akamtazama yule mzee aliyesimama kama nguzo.

"Kaa," akamwambia. "Kisha kengele."

Déo akakaa. Huko nje Mama Direkta Dieudonnée, mkuu wa shule, akaigonga rimu polepole. Wote wawili wakaziba masikio. Akagonga tena. Mara ya tatu Djamila aliziba sikio moja tu.

Mama Direkta akafungua daftari la Komisyo, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule: "Djamila: yuko tayari. Bwana Déo: bado. Arudi Jumatatu, pamoja na mzazi wake."