Pumzi za Ng'ombe wa Mahari

Marcel Lusana,
Mkulima wa Kahawa,
Buseresere.
Agosti 2012

Ndugu Mratibu wa Mradi wa Kahawa Safi,

YAH: KUANDIKIWA PUMZI AMBAZO SI ZANGU

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimeudhika.

Mtaalamu wenu, Bwana Akida, alikuja kupima kila shamba la kahawa linatoa kiasi gani cha hewa chafu ya kupasha dunia joto. Mwaka jana nilisifiwa: sichomi majani, na mibuni yangu ina kivuli. Safari hii alikuta zizi limejaa. Akaeleza kwamba ng'ombe akicheua hubeua gesi mbaya, akawahesabu wote, akasema nimevuka kipimo. Nisipowapunguza nitatolewa kwenye kikundi ambacho Wazungu wananunua kahawa yake kwa bei nzuri.

Ndugu Mratibu, wale ni mahari ya binti yangu Paskalia, aliyeolewa na kijana wa mzee Jilala wa Ushetu. Siwezi kuwauza kabla wajomba zake hawajapewa fungu lao. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Ng'ombe hao walizaliwa Ushetu, wakala majani ya Ushetu, wakajifunza kubeua huko huko. Kwangu wamefika na tabia yao. Naomba pumzi zao ziandikwe kwa Jilala, ambaye analima tumbaku na kwa vyovyote moshi ameuzoea.

2. Ndama wa mjomba aandikiwe mjomba, hata kama bado analala kwangu.

3. Samadi ibaki yangu. Ndiyo inayolisha mibuni, na sijasikia mtu akiinung'unikia. Nataka mgawanyo wa haki: kinachotoka mbele kiende Ushetu, kinachotoka nyuma kibaki Buseresere.

4. Huko machimboni Geita mashine za dizeli zinaunguruma kutwa kucha, na wenyewe wanaitwa wawekezaji. Ng'ombe wangu naye angekuwa anabeua dhahabu, nadhani angepokelewa kwa ngoma.

5. Bwana Akida alikula nyama kwenye harusi hiyo hiyo, akaongezewa, akabeua mbele ya wakwe. Ile iandikwe kwa mradi.

Ili kumaliza ubishi nimempelekea Jilala nakala ya barua hii, asaini kwamba ng'ombe, kwa upande wa hewa, bado ni wake.

Nisalimie wote hapo ofisini, Bwana Akida akiwemo, na dereva wake aliyeshiba vizuri. Mke wangu Zipora anawasalimu, ingawa amekataa kuisoma barua hii.

Wako mtiifu shambani,
Marcel Lusana

Nyongeza: Barua ilikuwa bado mezani ikisubiri gari, Jilala akafika na vijana wake. Hakusaini. Alisema tu, "Mkwe, kama bado ni wangu, basi mwanangu hajaoa." Akafungua zizi, wakawaswaga wote. Kwetu mahari ikirudi, ndoa imekwisha. Paskalia, waliyemrudisha siku hiyo hiyo, yuko jikoni na mama yake, ana mimba, hataki kunitazama, nami naumia. Zizi sasa halitoi hewa yoyote. Mtaalamu wenu atafurahi. Nakuomba, Ndugu Mratibu, niandikie mimi pumzi zote, za mbele na za nyuma, za ndama wa mjomba na za Bwana Akida pia, upige muhuri haraka, nipeleke karatasi hiyo Ushetu kwa mikono yangu, Jilala aone kwamba ng'ombe ni wangu kwa kila upande. Kwenye kikundi mnaweza kunitoa.