Goti ya Emérence Iponywe Mpaka Kashebere Tu

Kwa Papa Docteur Twizeyimana,
Mukubwa wa utafiti wa magoti na vifundo vya miguu

Papa muheshimiwa,

Ninakusalimia mu jina la Bwana, wewe na bibi yako na batoto, na ninaomba barua hii ikute miguu yenu yote ikiwa mizima. Mimi njo Mama Libérata, mama ya Emérence, yule musichana wa namba kumi na saba mu utafiti yenu, goti ya kuume. Nilisoma mpaka mwaka wa ine tu. Siku zote Emérence njo ananisahihishia barua, lakini hii sikumuonyesha, maana inamusema yeye. Makosa utakayoona, sema ni ya haraka.

Papa, niko na malalamiko. Mutoto wangu anapona.

Najua utasema, Mama, hiyo si lalamiko. Ngoja kwanza.

Noeli ilipopita, karatasi ilifika: Emérence ataenda kufundisha shule ya musingi kule Itebero. Itebero, Papa! Mu pori ya Walikale, kule muntu anatembea mpaka anasahau alikuwa anaenda wapi. Juu ya barabara sisemi, wewe pia unaijua. Siku tatu mbele ya kuondoka alishuka mulima na kitunga ya mihogo, mvua ilikuwa imenyesha, akateleza, goti ikaenda upande yake na yeye upande yake. Nililia sana. Nusu ya yale machozi ilikuwa ya goti. Nusu ingine Mungu anaijua, na padri nilishamuambia.

Akabaki nyumbani. Mwezi wa tano nyinyi mukafika na mazoezi yenu. Malalamiko njo haya:

1. Mulisema ni utafiti. Mimi nilikubali kwa sababu muntu anayetafuta anachukua muda. Mbuzi yetu ilipopotea, bwana yangu Papa Athanase aliitafuta wiki mbili ndipo akaipata, na mbuzi iko na sauti. Goti haina sauti. Nikasema, hawa watatafuta miaka. Kumbe wiki ya tatu mulishaona! Emérence alitupa fimbo ya kutembelea, akaanza kufagia lupango, uwanja wote wa nyumba, akiimba. Muntu anatafutaka mbio namna ile, bila hata kupumzika?

2. Kine wenu Élysée, yule wa kufundisha mazoezi, muntu wa adabu, na bugali yangu anaikula vizuri, alisema goti inataka uzito. Akaomba kilo mbili ya maharagi mu mufuko, akaifunga ku kifundo cha muguu ya mutoto: nyoosha, hesabu mpaka tano, shusha. Mara makumi mbili asubui, makumi mbili mangaribi. Papa, yale maharagi ilikuwa mbegu. Mwezi wa sita shamba ya bondeni ikaitaka. Majirani wote wanapanda, na mimi nasimama na jembe mbele ya mutoto nikisema, maliza basi, mama, tupande ule muguu wako.

3. Kiti. Mu nyumba tuko na kiti moja ya mugongo, njo ya Papa Athanase. Sasa njo ya zoezi: kaa, simama, kaa, simama, bila kushika na mikono. Papa Athanase anakula amesimama. Alipolalamika, Emérence akamujibu, «Papa, simama na muguu moja basi, itakusaidia mu uzee.» Alijaribu nyuma ya nyumba akizani hatumuoni. Alifika sekunde ine, akashika mbuzi.

4. Na hiyo ya muguu moja njo ilinipa haya. Anasimama mu lupango, muguu moja juu, macho ya kufunga, mikono wazi, na njia ya kanisa inapita pale. Mama Dancille jirani yangu akamuona. Misa haijaisha, wamama kumi na wawili wa kwaya walishajaa kwangu, wanafukuza pepo kwa nguvu. Emérence hakufungua macho mpaka sekunde makumi tatu ziishe. Akasema, «Amina. Sasa muguu ya kushoto.» Mama Dancille akanivuta pembeni: «Libérata, huyu pepo iko na programu?»

5. Hii njo kubwa. Kila siku ya tano ya juma Élysée anauliza, ulitembea mpaka wapi bila maumivu? Anaandika ku fishi, ile karatasi yenu ya maswali. Wiki ya kwanza: mpaka jikoni. Nikafurahi, jikoni njo mahali pangu. Kisha kanisani. Kisha ku maji. Kisha sokoni. Juzi mutoto akajibu, «Kashebere, kwenda na kurudi,» na Élysée akapiga makofi. Mimi nilienda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Maana nilihesabu na vidole, Papa. Ukipita kijiji cha Kashebere, ni Mpofi. Ukipita Mpofi, ni mbele tu, mbele tu, mpaka Itebero. Na shule zinafunguliwa mwezi wa kenda.

Ile fishi iko na maswali kumi na ine. Goti inauma? Inavimba? Unapanda ngazi bila shida? (Ngazi gani? Sisi tuko na mulima.) Unaweza kupiga magoti? Hakuna swali hata moja inayouliza: na mama yako, mangaribi atabaki na nani? Miezi hii yote tumechambua majani ya sombe pamoja. Ananisomea Zaburi, kisha ananipa kitabu nisome mimi, na nikiruka mustari anacheka mpaka anashika tumbo. Nilimuzaa, nilimulea, lakini sikujua kama mutoto wangu anachekesha namna hii. Nilijua mwaka huu, kwa sababu ya goti.

Sasa ombi. Siombi abaki kilema, mama gani anaomba vile? Naomba kipimo. Mumuponye mpaka Kashebere tu. Kashebere njo mwisho wa miguu yangu: natoka asubui, nafika, nageuka, nalala kwangu. Basi goti ipande milima yote ya kwetu Masisi. Ipige magoti kanisani, hapo musipunguze kitu. Ibebe bidoni ya maji, ile ndogo. Lakini ikifika ku nyumba ya mwisho ya Kashebere, ikatae. Isiumize, hapana! Ikatae tu kwa adabu, kama ng'ombe mbele ya daraja ya miti. Akigeuka kuangalia kwetu, ikubali tena.

Kama masomo yenu haijafika pale, basi mutafute, si njo kazi yenu?

Na kama inashindikana kabisa, andikeni ku fishi kwamba mama ya mugonjwa njo sehemu ya dawa, na kwamba dawa haikatwi mbele ya wakati. Ao serikali isogeze Itebero. Pori ile iko kubwa. Wakiileta kidogo huku, nani ataona?

Nisalimie wote wanaofanya kazi na wewe, na mama aliyekuzaa kama angali anaishi. Kama anaishi mbali, muulize juu ya barua hii, atakueleza vizuri kunipita.

Ni mimi anayekuheshimu na kukuombea,

Mama Libérata

N.B. Papa, haya naandika nimekaa ku jiwe, karibu kufika Kashebere. Nilikuja kumupa Élysée barua, maana leo anafanya kazi Kashebere, na Emérence akanisindikiza bila kujua iko na nini ndani. Ku mutelemuko wa mwisho goti ilikataa kabisa, hata mbele ya kufika nyumba ya kwanza. Si yake. Yangu. Mugonjwa wenu njo alibeba kitunga yangu na kunishika mukono. Akanikalisha hapa, akafunga mufuko wangu ku kifundo cha muguu: «Nyoosha, Mama. Hesabu mpaka tano.» Nikafika tatu, nikasema tano. Akasema, «Mama, usiibe hesabu. Noeli nitakungoja Itebero, na sitakuja kukubeba.»

Basi ile ombi ya juu uipasue. Niandike namba kumi na nane, goti ya kushoto. Maharagi niko nayo, kiti pia, Papa Athanase ameshazoea kusimama. Muniponye mpaka Itebero. Ile ya kurudi, musiiharakishe.